Hofu Inavyokaa Mwilini: Protini za Ubongo, Panya wa Maabara na Watu wa Ngara na Biharamulo

Tarehe 28 Aprili 1994, kwa muda wa siku moja usiku na mchana, watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 200,000 na 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda wakaingia wilaya ya Ngara, Tanzania. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lilisema halijapata kuona watu wengi kiasi hicho wakihama kwa kasi namna ile. Chini ya daraja, Mto Kagera ulikuwa ukichukua maiti kuelekea Ziwa Victoria. Wageni waliwekwa Benaco, mahali palipopata jina lake kwa kampuni ya Kitaliano iliyojenga barabara, na haikuchukua muda idadi yao ikapita ya wenyeji wa wilaya nzima. Miezi michache kabla ya hapo, baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, Warundi walikuwa wameshaanza kuingia. Warwanda wengi walirudishwa kwao Desemba 1996. Warundi wakaendelea kukaa Lukole kwa miaka mingi baadaye.

Habari hizi zimeandikwa sana kwa upande wa siasa, wa misitu iliyokwisha kwa kuni na wa chakula cha msaada. Kilichotokea ndani ya vichwa vya watu kimeandikwa kidogo, ingawa si kwamba hakikupimwa. Utafiti wa De Jong na wenzake, uliochapishwa mwaka 2000 kuhusu kambi za wakimbizi wa Rwanda na Burundi, ulikadiria kwamba nusu ya watu kambini walikuwa na matatizo makubwa ya afya ya akili. Nusu ni nyingi mno, lakini mimi hushikwa zaidi na ile nusu ya pili. Watu wawili wamepita njia moja, wamelala porini siku zilezile, wameona mambo yaleyale. Mmoja baada ya mwaka analima na kulala usingizi wake. Mwenzake anaamka kila usiku akipiga kelele, hawezi kusikia mlango ukigongwa bila kuruka, na miaka ikipita hali ni ileile. Kwa nini?

Kwenye vijiji vyetu majibu yapo tayari. Amerogwa. Ana mashetani ya ukoo. Kwao wako hivyo, hata babu yake alikuwa hivyo. Ana moyo mwepesi. Majibu hayo yana uzito, kwa sababu ndiyo yanayoamua kama binti ataolewa, kama kijana atapewa shamba, kama mgonjwa atafungwa kamba au atapelekwa hospitali. Katika miaka thelathini iliyopita limeongezeka jibu lingine, linalotoka maabara: tofauti iko kwenye protini za ubongo. Nitalipima jibu hilo hapa, kwa sababu likieleweka vibaya linaweza kuwa jina jipya la laana ileile ya ukoo, na likieleweka vizuri linaiondoa laana hiyo kabisa.

Protini tunazokula kwenye maharage na dagaa huvunjwavunjwa tumboni, kisha mwili hutengeneza za kwake kwa maelekezo ya jeni. Ndani ya ubongo zina kazi za kila namna. Zipo zinazokaa juu ya seli ya neva kama vipokezi, zikingoja homoni au kemikali fulani ije kuzigusa. Zipo zinazovunja kemikali ikishamaliza kazi, nazo ni vimeng'enya. Zipo zinazoingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni nyingine. Zipo zinazoimarisha kiungo kati ya seli na seli, mahali ambapo kumbukumbu inakaa. Zote zinatengenezwa, zinachakaa, zinavunjwa, zinatengenezwa tena, nyingine kwa saa chache tu. Tukio linaloacha alama katika maisha ya mtu halina budi kupita huku.

Binadamu hafunguliwi kichwa kwa ajili ya jaribio, ndiyo maana wataalamu wanatumia panya. Jaribio lenyewe ni rahisi kulielewa. Panya anawekwa kwenye kijisanduku chenye sakafu ya vyuma vyembamba. Anazungukazunguka, ananusa pembe, anasimama kwa miguu ya nyuma. Mlio unasikika kwa muda wa nusu dakika hivi, na mwishoni mwake umeme mdogo unapita kwenye vile vyuma. Panya anaruka. Kesho yake anawekwa kwenye sanduku jingine kabisa, mlio unapigwa, na umeme hakuna. Panya anaganda. Miguu yote minne inatulia, masharubu hayachezi, kinachoonekana ni mbavu tu zikipanda na kushuka kwa pumzi. Mtafiti anahesabu sekunde za kuganda. Sekunde hizo ndizo kipimo cha hofu iliyokumbukwa. Anayetilia shaka kwamba panya hujifunza kwa kuunganisha mlio na kitu kinachofuata aende Morogoro, ambako shirika la APOPO, pamoja na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wanafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu kwa njia hiyohiyo ya mlio, ila wao baada ya mlio hupata chakula.

Njia ya hofu hiyo ndani ya ubongo inajulikana vizuri. Inapita kwenye kijisehemu kinachoitwa amigdala, ambacho panya anacho, nyani anacho, na mimi na wewe tunacho. Mwaka 1994, mwaka uleule wa Rusumo, maabara ya Alcino Silva ilichapisha kazi kuhusu panya waliotengenezwa wakiwa na upungufu wa protini iitwayo CREB, ile inayowasha jeni nyingine seli inapopokea ujumbe mzito. Panya hao walikumbuka vizuri nusu saa baada ya umeme. Kesho yake walikuwa wamesahau. Kumbukumbu ya muda mfupi, basi, ni jambo moja, na kumbukumbu inayodumu ni jambo jingine: inayodumu lazima ijengwe, na inajengwa kwa protini mpya.

Mwaka 2000 likaja jambo lililowashtua hata wataalamu. Karim Nader, Glenn Schafe na Joseph LeDoux, huko New York, walimfundisha panya kuogopa mlio. Siku iliyofuata, kumbukumbu ikiwa imeshakaa, walimpigia ule mlio mara moja tu ili akumbuke, kisha wakatia ndani ya amigdala dawa inayozuia utengenezaji wa protini. Kesho yake hofu ilikuwa imepungua sana. Panya waliotiwa dawa ileile bila kukumbushwa waliendelea kuogopa kama kawaida. Maana yake ni kwamba kumbukumbu ikiamshwa hulegea, na ubongo hulazimika kuijenga upya. Kila anayekumbuka anakandika upya ukuta wa udongo, na udongo ukiwa bado mbichi, ukuta unaweza kurekebishwa. Hii ndiyo habari kubwa kuliko zote ambazo panya ametuletea kuhusu kiwewe, yaani hofu isiyoondoka baada ya tukio kupita, na nitairudia nikifika kwenye tiba.

Hamu ya kupata protini moja ambayo ndiyo kumbukumbu yenyewe imewahi kuwapoteza watu wenye akili sana. Kulikuwa na protini inayoitwa PKMζ, ya familia ya vimeng'enya iitwayo PKC. Mwaka 2006 kundi la Todd Sacktor lilionyesha kwamba ukiizuia katika ubongo wa panya, kumbukumbu ya zamani inafutika. Magazeti ya dunia yakaandika kuhusu dawa ya kusahau. Mwaka 2013 maabara mbili tofauti zikatengeneza panya wasio na protini hiyo tangu kuzaliwa, na panya hao wakakumbuka vizuri tu. Miaka mitatu baadaye ikaonekana kwamba panya wa namna hiyo hutumia ndugu mwingine wa familia ileile kuziba pengo. Tabia moja ina njia nyingi za kupita. Ukiziba moja, maji yanatafuta nyingine. Anayekwambia kwamba huzuni, au ukichaa, au ulevi una protini yake moja, hajaisoma habari ya PKMζ hadi mwisho.

Panya wenyewe nao si wa kuaminiwa kiholela. Mwaka 1999 John Crabbe na wenzake walichukua panya wa koo zilezile, wa umri mmoja, wakawapima siku moja katika maabara tatu za Amerika Kaskazini, kwa vifaa vya aina moja na chakula cha aina moja. Matokeo hayakulingana. Mwaka 2014 watafiti wa Kanada wakagundua kwamba panya huingiwa na msongo wanapopimwa na mwanamume, hata ikiwa ni harufu ya fulana yake tu, na msongo huo unabadilisha namna wanavyoonyesha maumivu. Ikiwa harufu ya fulana inatosha kuyumbisha kipimo cha panya aliyezaliwa na kulelewa sandukuni, tuwe wapole tunapozungumza juu ya mama aliyetembea kutoka Kibungo, Rwanda, hadi Benaco na watoto watatu.

Bado kuna hadithi moja ya panya ambayo lazima niielezee kwa kirefu, kwa sababu ndiyo inayotuleta karibu na nyumbani. Katika Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, Michael Meaney aligundua kwamba mama panya hawalingani katika kulamba watoto wao. Wengine hulamba sana, wengine kidogo. Watoto waliolambwa sana wakikua huwa watulivu, na msongo ukiwapata hupungua upesi. Ukimchukua mtoto wa mama asiyelamba ukampa mama anayelamba amlee, anakua mtulivu. Damu ya ukoo, basi, siyo iliyoamua. Mwaka 2004 kundi hilo pamoja na Moshe Szyf lilionyesha mahali malezi yanapoingia mwilini: kwenye jeni ya kipokezi cha homoni ya msongo. Kwa watoto waliolambwa kidogo jeni hiyo imebandikwa vikundi vya kikemia viitwavyo methili, ambavyo hufanya isisomwe sawasawa. Protini ya kipokezi inakuwa chache, na breki ya msongo inakuwa dhaifu. Jeni yenyewe haikubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni alama iliyowekwa juu yake, na aliyeiweka ni ulimi wa mama.

Kutoka Ngara, ukivuka Karagwe na mpaka wa Uganda, unafika Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyoko wilaya ya Isingiro. Huko, watafiti wa Konstanz, Zurich na Basel, kina Iris-Tatjana Kolassa, Dominique de Quervain na Andreas Papassotiropoulos, walifanya kazi kwa miaka na watu walionusurika mauaji ya Rwanda. Waliwahoji, wakahesabu aina za matukio ya kutisha ambayo kila mmoja alipitia, wakapima dalili za kiwewe, wakachukua mate ili wasome jeni. Sijui kazi nyingine iliyolivusha swali la panya hadi kwa watu wa nchi zetu kwa uangalifu kiasi hicho.

Mwaka 2007 walieleza juu ya kipokezi cha noradrenalini, kemikali inayomwagika mtu anaposhtuka. Watu wenye aina fulani ya kipokezi hicho walikuwa wakirudiwa zaidi na picha za matukio. Vijana wa Uswisi wenye aina ileile, ambao hawakuwahi kuona vita, walikumbuka zaidi picha za kusisimua walizoonyeshwa maabara. Mwaka 2010 wakaja na COMT, kimeng'enya kinachovunja dopamini. Kwa watu 424 waliopimwa, wengi walifuata kanuni inayoeleweka: matukio yakiongezeka, uwezekano wa kuugua unaongezeka. Lakini wale ambao COMT yao ni ile inayofanya kazi polepole, kwa nakala zote mbili walizorithi, walikuwa hatarini hata kama matukio yalikuwa machache. Mwaka 2012 ikafuata PKCα, ndugu wa ile PKMζ, kwa watu 347. Aina ya jeni iliyowapa vijana wa Uswisi kumbukumbu kali zaidi ilikuwa ndiyo inayoongeza hatari ya kiwewe kwa walionusurika. Hili linastahili kusemwa mbele ya familia zote: huyo mnayemwita mwenye moyo mwepesi huenda ni yule aliyekuwa na kumbukumbu nzuri kuliko wote darasani.

Kisha, mwaka 2014, wakaenda moja kwa moja kwenye jeni ya Meaney, ile ya kipokezi cha homoni ya msongo. Kwa kufuata panya tungetegemea kwamba wenye alama nyingi za methili ndio watakaoteseka zaidi. Ikawa kinyume. Kwa wanaume walionusurika, waliokuwa na alama nyingi mahali palepale walivamiwa mara chache zaidi na kumbukumbu za matukio. Kwa wanawake uhusiano huo haukuonekana. Maelezo yanayoingia akilini ni kwamba homoni ya msongo, pamoja na kuleta mshtuko, hugandisha kumbukumbu ya tukio; kipokezi kikiwa kichache, tukio halikazi sana. Alama ambayo kwa panya aliyelelewa bila kulambwa ni mzigo, kwa mwanamume aliyepitia mauaji imekuwa kama ngao. Protini haina wema wala ubaya wake. Inategemea imekutana na nini.

Sasa niseme ninachokiamini katika kazi hizi na ninachokitilia shaka. Watu mia tatu au mia nne ni wachache kwa utafiti wa jeni. Mwaka 2019 Richard Border na wenzake walichukua jeni 18 zilizokuwa maarufu kwa sonona, COMT ikiwamo, wakazipima kwenye takwimu za mamia ya maelfu ya watu, na hazikufanya vizuri kuliko jeni zilizookotwa kwa kubahatisha. Mwaka 2024 muungano wa watafiti wa kiwewe ulichapisha uchambuzi wa watu zaidi ya 1,200,000 na kupata sehemu 95 za vinasaba, kila moja ikiwa na nguvu ndogo sana. Wengi wa watu hao ni wenye asili ya Ulaya. Kwa hiyo COMT na PKCα za Nakivale nazichukua kama mwelekeo, siyo kama hukumu. Simshauri mtu yeyote apimwe jeni ili aambiwe kama atapata kiwewe.

Ila kuna matokeo mengine ya kundi hilohilo ambayo hayategemei jeni, na hayo nayaamini. Mwaka 2004 Frank Neuner na wenzake walichapisha kipimo cha wakimbizi na wenyeji wa West Nile, kaskazini mwa Uganda. Waliopitia aina tatu au chini ya hapo za matukio ya kutisha, 23 kwa kila 100 walikuwa na kiwewe. Waliopitia 28 au zaidi, wote. Wote kabisa. Hakuna protini, hakuna ukoo, hakuna ushujaa unaomwokoa mtu mzigo ukifika pale. Tofauti za protini, kama zipo, zinaonekana kabla ya hapo, pale ambapo mzigo haujawa mkubwa kiasi hicho. Huko ndiko huenda zinachangia nani atangulie kuanguka. Kwa Ngara hii ina maana nzito, kwa wakimbizi na kwa wenyeji pia. Vita vya jirani vilimwaga bunduki mitaani, na kwa miaka mingi mabasi ya Biharamulo, wilaya jirani, yalivuka pori la Kasindaga yakisindikizwa na polisi kwa kuogopa majambazi. Dereva na utingo wa njia ile walibeba hesabu yao wenyewe ya matukio, na hakuna aliyewauliza.

Biharamulo ina habari nyingine pia, ya zamani zaidi. Mapori yake yana ndorobo, nzi anayeeneza malale. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia watawala wa Kiingereza waliwahamisha watu katika sehemu za Biharamulo na kuwakusanya kwenye makazi mapya ili kuwatenga na ndorobo. Leo sehemu kubwa ya mapori hayo ni Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyotangazwa mwaka 2019. Ninaitaja malale kwa sababu kimelea chake kikishaingia kwenye ubongo, mtu hubadilika kabla hajaonekana mgonjwa. Analala mchana, anakesha usiku, anakuwa mkali, anasema mambo yasiyoeleweka. Wagonjwa wa hatua hiyo wamepelekwa kwa waganga, wamefungwa, wamelazwa wodi za akili. Mwaka 2018 Filipa Rijo-Ferreira na wenzake walionyesha kwa panya kinachotokea. Ndani ya seli kuna protini zinazopanda na kushuka kwa mzunguko wa saa 24 hivi, mojawapo ikiitwa PER2, na ndizo saa ya mwili. Kwa panya mwenye vimelea vya malale saa hiyo inakimbia, mzunguko unakuwa mfupi, na panya anahangaika wakati wa kulala. Vimelea vya malaria havikuivuruga saa hiyo. Hapa panya ametupa jambo safi kabisa: tabia iliyoonekana kama wazimu ina chanzo kinachoonekana kwa darubini, na kinatibika. Tangu 2024 Shirika la Afya Duniani linapendekeza fexinidazole, dawa ya kumeza, hata kwa malale ya Afrika Mashariki, ambayo kabla ya hapo hatua yake ya pili ilitibiwa kwa sindano za dawa yenye sumu ya aseniki iliyoua baadhi ya waliopewa. Kwa mtu wa Biharamulo aliyeanza kubadilika tabia baada ya kwenda porini kurina asali au kuchunga, damu ipimwe kwanza.

Kwa skizofrenia, ugonjwa ambao wengi wanauita kichaa, msaada wa panya ni mdogo zaidi. Mwaka 2016 watafiti wa Boston walihusisha ugonjwa huo na protini ya kinga iitwayo C4, ambayo husaidia kupogoa viungo kati ya seli za neva. Panya walioikosa walipogoa kidogo kuliko kawaida. Ni ugunduzi mzuri. Lakini hakuna wa kumuuliza panya kama anasikia sauti zikimtukana au kama anaamini jirani anasoma mawazo yake. Na kwa muda mrefu jeni za watu wetu hazikuwamo katika hesabu hizo. Mradi wa NeuroGAP-Psychosis, uliofanyika Ethiopia, Kenya, Uganda na Afrika Kusini, ndio umeanza kuziba pengo. Tanzania haikuwa miongoni mwa nchi hizo nne.

Kuna dai linalopendwa siku hizi kwamba kiwewe hurithiwa. Lina panya wake: mwaka 2014 Brian Dias na Kerry Ressler waliripoti kwamba panya dume waliofundishwa kuogopa harufu fulani walizaa watoto na wajukuu walioishtukia harufu hiyo. Lina watu wake pia: mwaka huohuo Nader Perroud na wenzake waliwapima kina mama wa Kitutsi waliokuwa wajawazito wakati wa mauaji, pamoja na watoto wao, wakaona alama zaidi kwenye ile jeni ya kipokezi cha msongo. Lakini kazi ya panya imepingwa kwa takwimu zake, na kina mama wale walikuwa 25 tu, wakilinganishwa na 25 wengine. Isitoshe, mtoto aliyelelewa na mama asiyelala, katika nyumba ya ukimya, ana sababu za kutosha za kuwa na hofu bila kuitafuta kwenye mbegu. Kijana aliyezaliwa Lukole asiambiwe amezaliwa na hofu ya wazazi wake. Panya wa Meaney walionyesha kwamba hata alama iliyokwishawekwa inategemea anayelea.

Turudi kwenye ukuta wa udongo. Ikiwa kumbukumbu inayoamshwa hulegea, basi kuiamsha mahali salama, pole pole, mbele ya mtu anayesikiliza, kunaweza kuibadilisha. Hiyo ndiyo njia ya tiba ya usimulizi iliyoandaliwa na Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert. Kamba inalazwa chini, mwanzo wake ni siku ya kuzaliwa. Mgonjwa anaweka maua pale penye mambo mema, harusi, mtoto wa kwanza, mavuno. Anaweka mawe pale penye mabaya, jiwe kubwa kwa jambo kubwa. Kisha, kikao baada ya kikao, anasimulia maisha yake kwa mpangilio, na akifika kwenye jiwe hapiti haraka: alisikia nini, alinusa nini, jasho lilimtoka wapi, na sasa hivi, akiwa amekaa hapa, mwili wake unasema nini. Mshauri anaandika. Mwishoni maandishi yanasomwa na mgonjwa anakabidhiwa.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2008 kutoka Nakivale, kwa wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia. Miongoni mwa waliopata tiba ya usimulizi, asilimia 70 hawakuwa tena na kiwewe kwa vigezo vya kitabibu. Waliopata ushauri nasaha wa aina nyingine, asilimia 65. Waliofuatiliwa tu bila tiba, asilimia 37. Tofauti kati ya 70 na 65 ni ndogo, na ninaona ni haki kusema kwamba kinachoponya huenda ni kusikilizwa kwa utaratibu, zaidi ya mbinu fulani mahususi. Waliotoa tiba hiyo hawakuwa madaktari. Walikuwa wakimbizi wenyewe, watu wa kawaida wanaojua lugha ya mgonjwa, waliofundishwa kwa wiki chache.

Leo mgonjwa wa akili kutoka Ngara anaanzia Murgwanza au Rulenge, wa Biharamulo anaanzia hospitali ya wilaya, na hali ikizidi anapewa rufaa ya Bukoba, ya Bugando kule Mwanza, au ya Mirembe, Dodoma, hospitali ya akili iliyofunguliwa mwaka 1927. Nauli peke yake inawarudisha wengi nyumbani. Wahudumu wa afya ya jamii wapo vijijini, wanajua Kihangaza na Kisubi, wanaingia nyumba ambazo daktari hatawahi kuziingia. Wafundishwe wao kwanza, waanzie vijiji vya mpakani, Rusumo, Kabanga, Murusagamba, na kwenye karatasi ya mahojiano, kabla ya kuuliza kama kwenye ukoo kuna mgonjwa mwingine, waulize huyu aliyekaa mbele yao ameona mambo mangapi.